Kirusi Kilichovua Kofia

Katika mkoa mzima wa Singida, ukianzia kwenye mawe ukamalizia kwenye alizeti, hakuna mwili uliokingwa dhidi ya mafua kama huu wangu. Niongeze na la pili, la kwanza lisije likajiona mpweke: hajazaliwa mtu wa kunikamata nikidanganya.

Naitwa Yoeli. Nilimaliza kidato cha nne na kufaulu baiolojia kwa alama iliyomfanya mwalimu aisahihishe karatasi yangu upya, akidhani macho yake yamechoka. Sasa ndimi mwangalizi wa Tetea katika kituo cha chanjo cha kijiji chetu.

Tetea si kuku. Ni mashine, kubwa kama kabati la bibi harusi, na kazi yake ni kulalia mayai. Msimu wa mafua ukikaribia, kila kaya huleta mayai ya kuku wake. Tetea hulitoboa yai kitundu kidogo, huingiza kirusi cha mwaka huo, hukiacha kizaliane humo, kisha hukivuna, hukiua, hukisafisha na kutoa kichupa. Kila kichupa hufungwa uzi wa rangi ya kaya yake, ili mtu achomwe sindano iliyotokana na kuku wake mwenyewe. Kwetu ukimuuliza mtu kama ameshachanjwa, atakujibu kwa kifua mbele, "Kuku wangu wamenichanja." Wapo waliovunja uchumba kwa sababu kuku wa upande wa pili walionekana wamekonda.

Kuna na desturi yake. Kila kaya huleta yai moja zaidi ya idadi ya watu wake, kwa ajili ya jirani ambaye kuku wake wamekwisha kwa kideri. Kichupa cha kwanza, chenye uzi wa fundo moja, ni cha huyo jirani. Mwenyewe huanzia kwenye mafundo mawili. Ishike vizuri desturi hiyo. Mimi nimekulia ndani yake na bado niliidondosha.

*

Mwaka huu walituletea Kioo.

Unaweka kidole, kinakudonoa kama kifaranga, kinachukua tone la damu, kisha kinachora sura ya adui ambayo kinga ya mwili wako imeikariri. Nilikuwa na hamu nacho mpaka nilipofika kwenye kile kipengele cha kudonoa. Tuyaache hayo.

Aliyekuwa wa kwanza kukijaribu ni Sista Grasiana, nesi mkuu wetu, mwanamke anayeweza kukunyamazisha kwa kuvaa glovu tu. Alikuwa amejichoma chanjo ya yai mapema kuliko watu wote. Kioo kikachora picha mbili. Kushoto ni Kishindo, yale mafua yaliyotuangusha mwaka uliopita, kama kilivyotolewa puani mwa mgonjwa: kiduara chenye miiba, na juu ya kila mwiba kofia ndogo ya sukari. Kulia ni kile kilichokaririwa na mwili wa Sista.

Nikasogea. "Sista, huyu wa kulia ni nani?"

"Kishindo."

"Kishindo ana kofia. Huyu ni kipara. Huyu ni baba mkwe wa Kishindo."

Hakucheka. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hulifanya pale tu mambo yakiwa mazito.

"Nilikuwa nikilisoma hili, sikutaka kuamini litatufika," alisema. "Sikiliza, Yoeli. Kirusi hiki kimezoea koo la mtu. Ukikiingiza kwenye yai kinakuta milango ya ndege, si ya mtu. Vyenye kofia vinakwama mlangoni. Kikitokea kimoja kilichozaliwa bila kofia, hicho kinapita, kinazaliana, kinajaza yai. Tukija kuvuna, tunavuna vipara watupu."

"Kwa hiyo tumewapa askari wetu picha ya kipara, halafu mhalifu anakuja na kofia, wanampigia saluti?"

"Baadhi watampigia. Wengine watamtambua kwa pua, kwa masikio. Si mgeni kabisa. Aliyechanjwa kwa yai akiugua, mara nyingi anaugulia kitandani kwake. Asiyechanjwa tunamuuguza sisi hapa." Akaninyooshea kidole. "Nikusikie sokoni unasema chanjo ya mayai haifai! Watu wataacha yote, na hapo ndipo tutakapozika."

"Na ile ya Chungu?"

Tukageuka wote kukitazama. Chungu kilikuwa pembeni, pipa la chuma linalong'aa, kimekuja pamoja na Kioo kwa majaribio. Ndani yake hakuna yai. Kuna seli tu zinazoogelea kwenye uji wake, na milango ya seli hizo imefanana na ya koo la mtu. Kirusi kikiingia humo hakihitaji kuvua kitu. Kinazaliana na kofia yake kichwani. Ila Chungu kilikuwa kizito wa kutoa kuliko mjomba wangu, na vichupa vichache vilivyotoka vilipangiwa wafanyakazi wa kituo, sisi tunaokoholewa usoni kila siku.

Sista akanikabidhi changu. "Kunja mkono."

"Nitajichoma mwenyewe, Sista. Mimi ni mtaalamu."

Kabla hajajibu, mtoto alianza kulia chumba cha pili, naye Sista akatoka mbio. Aliporudi alinikuta nimebandika plasta begani, nimekunja uso kama mtu aliyetoka vitani.

"Umemaliza?"

"Hata sikuisikia."

Sehemu hiyo ilikuwa kweli. Usichokichoma hukisikii.

*

Sasa nikupeleke kwa mke wangu.

Usishtuke. Bibi Damari ndiye mama aliyemzaa baba yangu, na kwetu bibi na mjukuu ni watani: yeye huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, na kila siku tunatishiana talaka. Amenilea tangu sijaweza kujifunga vifungo. Sare zangu zote za shule zilitoka kwenye banda lake la kuku.

"Mume wangu umekumbuka nyumba?" alisema nilipoingia. Alikuwa akimwaga mtama uani, na Mkaguzi, tetea wake mwekundu, alikuwa akipita baina ya wenzake akiwadonoa walioonekana kula kwa pupa. "Nikadhani umeoa huko kituoni."

"Nani anichukue, mke wangu? Wakinitazama wanaona mume wa mtu aliyechoka."

"Umechoshwa na nini? Kulalia mayai? Mkaguzi analalia, hajawahi kuomba likizo."

Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kikohozi kile hakijamwacha tangu Kishindo. Mwaka uliopita nilikaa kando ya kitanda chake nimeshika kile kibomba cha hewa puani pake, na alikuwa akinitania kila akipata pumzi: mume gani huyu mikono baridi, mume gani huyu ananuka dawa. Kisha palifika mahali hakunitania tena. Alinitazama tu. Homa na mashine zinazolia havikuwa vimenitisha. Ukimya ule ndio ulionitisha.

Nikachuchumaa karibu yake. "Bibi, kuna chanjo nyingine mwaka huu. Haipiti kwenye yai."

"Inapita wapi?"

"Kwenye chungu."

"Chungu kinataga?"

"Ni kama... seli. Bibi, nisikilize. Kirusi kikikaa kwenye yai kinavua kofia. Mwili wako unajifunza kumjua akiwa kichwa wazi, halafu yeye anakuja amevaa."

Akaacha kumwaga mtama. Alifikiri kwa makini, kama anavyofikiri mambo yote.

"Hiyo ni adabu," alisema. "Mgeni akiingia kwa kuku wangu anavua kofia."

"Bibi!"

"Haya. Na hiyo ya chungu ni ya nani?"

Hapo nilipaswa kudanganya, lakini aliniangalia. "Ya wafanyakazi."

"Yaani ni ya kwako."

"Mimi ni kijana, mapafu yangu..."

"Yoeli." Akiniita kwa jina, utani umekwisha. "Siwezi kula chakula kutoka kwenye sahani ya mtoto wangu halafu nikamtazama usoni. Nimesema hapana. Kuku wangu watanichanja kama miaka yote, na Mungu atasaidia pale walipoishia. Sasa inuka, nenda ukachote maji, maana ndoo haina mume."

Nikaenda kuchota maji. Njiani nilibishana naye vizuri sana, kwa kuwa hakuwepo.

Nilijiambia mengi. Kwamba akili yake ni timamu kuliko yangu, mwili ni wake, na amesema hapana kwa sauti inayosikika mpaka kwa jirani. Mtu mzima hachomwi kitu kwa hila kama mbuzi wa josho. Nilijua hivyo. Kisha nikakumbuka yale macho yaliyonitazama bila utani, na hoja zangu zote zikakaa chini. Mapafu ni yake, sawa, lakini msiba ungekuwa wangu.

*

Asubuhi ya siku ya chanjo niliwahi kituoni kuliko majogoo. Chumba cha Tetea kina dirisha moja linalotazama njia ya nyuma, na njia ile huwa haina mtu. Nikatoa vichupa viwili vya uzi wa buluu, rangi ya Bibi. Kimoja fundo moja, kingine mafundo mawili.

Hapa ndipo elimu iliponiangusha. Kwa akili ya kidato cha nne, fundo moja ni namba moja, na namba moja ni Bibi Damari. Nikafungua uzi ule, nikauhamishia kwenye kichupa changu cha Chungu, nikakaza fundo. Kichupa cha yai kilichobaki bila uzi nikakificha kwenye friji, nyuma ya maji ya kunywa ya Sista. Hicho ningejichoma mimi. Kesho.

Kesho ni siku nzuri mno. Kasoro yake ni moja tu, huwa haifiki.

Sawa, nitasema, kwa kuwa sasa tunajuana: mimi naogopa sindano. Nazipanga, nazihesabu, nawafariji watoto. Lakini ncha ikielekea kwangu, magoti yanaomba ruhusa ya kutoka. Ile plasta begani ilikuwa imefunika ngozi nzima kabisa, ngozi ambayo haijapata shida yoyote maishani.

Foleni ikajipanga. Bibi alikuwa katikati, amevaa kitenge cha kanisani, amemshika mkono Zaituni, jirani yetu. Zaituni alikuwa na ujauzito mkubwa, anatembea kama aliyeficha mtungi ndani ya dera, na banda lake lilikuwa tupu tangu kideri kipite mwishoni mwa mvua. Niliwaona, nikawapungia mkono, na hakuna kengele iliyolia kichwani mwangu. Iliyolia ilikuwa ya Tetea, joto lilikuwa limepanda, nikakimbilia ndani. Niliporudi, Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi ameshikilia pamba begani.

"Imeuma, mke wangu?"

"Kuku wangu hawana ubaya na mtu," alisema, na akanitazama kwa upole wa ajabu, akanisawazishia kola ya shati. "Umekula? Nilikuletea uji asubuhi."

"Sikuuona."

"Ulikuwa na kazi nyingi."

Nikaondoka pale nikipiga mluzi. Nilijiona mtu mwema na mwerevu kwa wakati mmoja, hali ambayo huwa hainitokei.

*

Wiki chache baadaye Kishindo kilifika mjini. Redio ilitaja shule zilizofungwa, na Sista Grasiana akaita kijiji kizima kije kwenye Kioo, ajue nani amelindwa kiasi gani na nani wa kuangaliwa kwa karibu. Aliwaambia watu ukweli wote wa kofia na vipara, polepole, kwa mfano wa picha na askari. Alikuwa ameniibia mfano wangu. Nilihofia fujo. Badala yake mzee mmoja aliuliza kama mwakani jogoo anaweza kufundishwa kuvaa kofia, watu wakacheka, foleni ikaanza kusogea.

Kipara. Kipara. Kipara. Kila kidole kilichowekwa kilileta kipara. Wengine walikuwa na picha nzito, wengine hafifu, na Sista alikuwa akimweleza kila mmoja: wewe kinga yako inaona pua vizuri, wewe ukisikia homa tu, njoo mapema.

Ikafika zamu ya Bibi. Nikajisogeza mbele kama baba wa mwanafunzi siku ya matokeo. Akaweka kidole. Kioo kikadonoa, kikawaza, kikachora.

Kipara.

"Haiwezekani!" nilisema.

Nilisema kwa sauti ya kumwamsha mbuzi. Chumba kizima kikageuka.

Sista akauliza taratibu, "Kwa nini isiwezekane? Amechanjwa kwa yai. Tangu asubuhi kila aliyechanjwa kwa yai ametoka kipara. Yeye ulitaka atoke nini?"

"Namaanisha..." Nilitafuta uongo. Miaka yote huwa unakuja wenyewe, unabisha hodi. "Namaanisha hicho kipara kimezidi."

Mtu nyuma akaguna.  Bibi alishuka kwenye kiti, akamshika Zaituni mkono, akamkalisha. "Mpime na huyu, Sista."

Kioo kikadonoa. Na pale, mbele ya kijiji, vikajitokeza viduara vyenye miiba, na juu ya kila mwiba kofia, zimekaa sawasawa kama waumini wa Ijumaa.

Sista aliinuka. "Zaituni, wewe umechomwa nini?"

"Ya Chungu," Zaituni alisema, kama anayetaja aina ya sabuni. "Bibi Damari alinipa fundo moja, si ndiyo desturi? Akaniambia, hiki si cha kuku wangu, ni cha Chungu, mume wangu amekiweka hapa kwa siri. Ukikitaka kichukue, usipokitaka nitamrudishia Sista. Nikamwuliza kama kitamdhuru mtoto. Akasema tumuulize Sista."

"Mkaniuliza kama ya Chungu ina madhara kwa mjamzito," Sista alisema, macho yake yakifunguka polepole. "Nikawajibu haina. Nilidhani mnauliza ya mwakani."

Nikamgeukia Bibi. "Ulijua?"

"Nilikuletea uji," alisema. "Ulikuwa wa moto, nikasimama dirishani upoe kidogo. Nikamwona mume wangu anafungua uzi wangu." Alianza kukohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nikataka kuingia nikuchape. Halafu nikaona umekosea fundo. Nikasema, huyu mtoto anataka kunipa roho yake, na hata kuipa hajui. Nikacheka peke yangu mpaka uji ukapoa."

"Bibi, mbona hukukichukua wewe? Mimi nilifanya kwa ajili..."

"Najua ulifanya kwa ajili ya nani. Nilikuambia hapana, Yoeli. Zaituni mimi nilimwambia kinachoingia mwilini mwake, naye akachagua. Mimi hukuniambia." Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo. Alininyooshea mkono, akanifuta kitu shavuni ambacho nitasema ni vumbi. "Kunipenda unanipenda. Lakini nipende nikiwa macho."

Niliitikia kwa kichwa, bila kuongeza uongo. Hilo nalo huwa halinitokei.

Sista Grasiana akavaa glovu. "Ngoja kwanza. Wafanyakazi tulipewa kimoja kimoja. Kama cha Yoeli kiko kwa Zaituni..." Akanitazama begani, pale penye plasta ambayo nilikuwa nikiibadilisha kila ikichakaa. "Yoeli, wewe umekingwa na nini?"

"Sista, mimi katika mkoa huu mzima..."

"Weka kidole."

"Nilitaka kesho..."

Bibi Damari, mwenye mapafu mabovu, ana mkono wa mtu aliyeshika kuku maisha yake yote. Aliushika mkono wangu kama anavyoshika jogoo anayekwenda kuwa mchuzi, akakiweka kidole changu kwenye Kioo. Kikanidonoa. Nilipiga kelele ambayo watoto wa kijiji bado wanaiigiza.

Kioo kikawaza. Kikawaza sana. Kikaja cheupe. Kirusi cha mwaka uliopita nilikuwa nimekwisha kukisahau mpaka damuni, na cha mwaka huu hakikuwepo: si kofia, si kipara, si hata pua. Weupe mtupu, kama karatasi yangu ya hesabu.

Zaituni akaukodolea macho, mkono juu ya tumbo. "Maskini," alisema. "Kwake hakujapita hata mgeni."

"Na kila jioni anakula na mimi sahani moja," Bibi alisema. Hapo nikaelewa kwamba wakati wote ule nilipokuwa nikiogopa kuletewa msiba, nilikuwa nikiutembeza mimi mwenyewe, kutoka kwenye vikohozi vya kituo mpaka kwenye mlango wake.

Sista alikuwa ameshafungua friji. Alisogeza maji yake ya kunywa, akatoa kichupa kisicho na uzi, akakiinua watu wote wakione, akasoma tarehe yake, akaitikia kwa kichwa kuwa bado ni kizima.

Bibi akafungua pindo la kitenge chake. Mlikuwa na kipande cha uzi wa buluu. Alikifunga shingoni mwa kichupa bila haraka. Mafundo mawili, ya mwenyewe.

"Ni cha kuku wangu," aliniambia. "Kinavua kofia, unajua. Sasa nimekuambia. Unakitaka au hukitaki?"

Kijiji kizima kilisogea kusikia. Nikatazama ile ncha. Magoti yakaomba ruhusa, nikayanyima.

"Nakitaka," nilisema.

"Basi vua shati, mume wangu." Akanibana mkono kwapani mwake nisikimbie, akageuka kwa Sista. "Na hiyo plasta yake ya uongo, mwanangu, ibandue kwanza. Polepole. Nataka kila mtu aone."